Mwalimu wa Ndoa na Mvua Zake

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Hayo aliyatangaza mwenyewe vya kutosha, misibani na harusini, kila alipopata watu waliokaa na hawana pa kukimbilia. Mimi nitasema niliyoyaona, kwa kuwa nimekaa naye jirani hapa Itetemia zaidi ya nusu ya umri wangu, na kwa kuwa mtu huyu nusura anipeleke makaburini kumzika binti yangu. Wanaosema wazee tusisemane vibaya waishie hapa hapa.

Tulimwita Mwalimu wa Ndoa. Hakuwahi kushika chaki ya serikali. Kanisani kwao ndiye aliyewapa wachumba mafundisho kabla ya kufunga ndoa, na hata baada ya harusi watu waliendelea kumfuata kwa mambo ya chumbani: lini walale pamoja, lini watengane, kwa nini mimba haiingii, kwa nini inaingia kabla mtoto hajaacha ziwa. Mimi ni Mmoraviani, sikupita mikononi mwake. Binti yangu Nyamizi ndiye aliyepita, kwa sababu aliolewa na kijana wa kanisa lao.

Mtu mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, msafi wa kuudhi. Kaunda suti ya rangi ya udongo, kalamu mfukoni, na kitambaa cha kufutia kiti. Hata msibani alifuta mkeka kwanza ndipo akae, wafiwa wakimtazama. Kijana akimwamkia shikamoo, marahaba haikutoka papo hapo. Alisimama, akamkagua, kama mtu anayebonyeza embe sokoni kuona limeiva. Mimi na yeye ni rika moja, kwa hiyo tulibaki kwenye "habari za asubuhi", na hata hiyo aliitoa kwa kipimo, kama chumvi ya kuazima.

Alikuwa na misemo yake. "Neno likitoka uchi, linarudi na aibu." Hiyo aliipenda kuliko zote, na ndiyo iliyomharibu. Maana huyu mtu aliyejipa kazi ya kufundisha mwili hakuweza kuutaja mwili. Tumbo la uzazi kwake lilikuwa "nyumba ya ndani". Hedhi ilikuwa "mvua". Mwanamume alikuwa "mkulima", na lile la mwanamume lilikuwa "jembe", tena kwa sauti ya chini. Siku moja bibi harusi mmoja wa kutoka vijijini, ambaye hakuwa na makuu, alimuuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, kwa nini matiti yananiuma kabla ya siku zangu?" Yule bwana akageuza uso, akautazama ukuta, akaujibu ukuta: "Hayo ni ya wakubwa wa kike." Wakubwa wa kike ni nani, na msichana ameletwa kwake afundishwe? Mama yake alikwishamwambia, "Kamuulize Mwalimu."

Mimi shule niliishia darasa la nne. Nikatoka nikaenda kuuza asali stesheni ya Bukene, nikiinua chupa kwenye madirisha ya treni ya Mwanza huku nakimbia nayo. Leo nina mashine za kukoboa mpunga na nyumba ya matofali ya kuchoma, na anayenifanyia hesabu ana cheti. Sikuyapata hayo kwa kugeukia ukuta kila nilipoulizwa kitu. Asali ikichacha, unamwambia mnunuzi imechacha. Ukimwambia "imepata ukomavu", kesho harudi.

Uwanja wangu wa kuanikia mpunga ulipakana na banda alilofundishia. Kwa hiyo nilikuwa mwanafunzi wake bila kuandikishwa. Nilisikia kila kitu, na somo lake kuu nalijua kwa moyo.

"Wanangu," alianza, na sauti ilikuwa nzuri, sikatai, "mwanamke ni shamba. Haya, mkulima wa Unyamwezi anapanda lini?"

"Mvua ikishanyesha, Mwalimu."

"Ikishanyesha! Udongo ukiwa na unyevu, mbegu inashika. Udongo ukikauka, mwaga hata gunia zima, utalisha ndege. Basi na nyumba ya ndani ni hivyo hivyo. Mvua ya mwezi ikikatika, siku zinazofuata ndizo za unyevu. Anayetaka mtoto, apande. Asiyetaka, akae mbali. Mkifika katikati ya mwezi ni kiangazi. Hapo laleni kwa amani."

Nani angebisha? Sisi wote ni watu wa matuta. Tumezaliwa tunajua kwamba jembe linaingia baada ya mvua. Angewaambia wavuvi, labda wangeuliza swali. Hapa watu waliitikia kwa vichwa, wakaenda nyumbani, wakalala kwa amani katikati ya mwezi, na watoto wakafuatana kama mabehewa. Wakati ule mimi nami sikujua yai linashuka lini. Lakini macho ninayo. Nilikuwa nawaona wanafunzi wake wanavyorudi na mimba, nikasema hii dawa inayowanenepesha wagonjwa hivi si bure.

Yeye alikuwa na jibu kwa kila mimba. Mume akija analalamika, aliambiwa, "Mmechanganya siku." Mke akija analia, aliambiwa, "Mungu naye ana mazao yake ya kiangazi." Na wote wawili wakija pamoja wamekasirika, aliinua kidole kuelekea nyumbani kwake na kusema, "Itazameni nyumba yangu." Alikuwa na watoto wengi, ndiyo, lakini mimba zilikoma mkewe akiwa bado mbichi kabisa, bado ana nguvu za kuzaa, na hilo ndilo lilikuwa tangazo lake. Alisema, "Nilipoanza kuzifuata siku sawasawa, Mungu alifunga mlango kwa heshima." Watu walikubali. Nyumba ya mtu ni ushahidi.

Mkewe alikuwa mwanamke mpole, mfupi, mwenye kutembea nyuma yake hatua kadhaa hata njia ikiwa pana. Alikuja kwangu kukoboa. Mara moja tu alinichekesha. Nilimwambia, "Dada, mumeo anajua siku za wanawake wote wa Itetemia." Akajibu bila kuinua macho kwenye ungo, "Za kuku wake hazijui." Nikadhani ni utani wa kawaida wa mke aliyechoka.

Sasa niseme jambo ambalo litawafurahisha wanaomtetea. Hakupokea zawadi. Kuku, mchele, vitenge, vyote alivirudisha. Na kuna mara moja alifanya kitu ambacho wanaume wengine wa hapa hawangekifanya. Kule Isevya kulikuwa na fundi baiskeli aliyezaa mabinti watupu, akataka kumrudisha mkewe kwao na kudai ng'ombe wake. Mwalimu wa Ndoa alikwenda kwa miguu, na ile suti yake, akasimama pale penye spoku na grisi, mbele ya wateja.

"Wewe fundi," akasema, "ukipanda karanga ukavuna karanga, unaupiga udongo?"

"Mwalimu, haya ni mambo ya nyumbani kwangu."

"Ulipoyapeleka kwa wakwe yaliacha kuwa ya nyumbani. Mbegu ya kike na mbegu ya kiume, zote mbili unazo wewe. Mkeo hana ya kiume hata moja ya kukunyima. Kama unataka kumrudisha mtu kwao, jirudishe mwenyewe."

Wateja walicheka mpaka mmoja akaangusha pampu. Yule mke hakurudishwa. Baadaye nesi aliniambia kwamba hapo Mwalimu alisema kweli, mtoto kuwa wa kike au wa kiume hutokana na mbegu ya baba. Basi, alipata moja. Lakini unajua mtu mwenye majivuno akipata moja huwaje. Shamba lilimjibu vizuri siku ile, akaamini shamba linajua kila kitu.

Na hawezi kusema hakuonyeshwa. Kanisa lenyewe lilimpeleka mjini kwenye semina, na huko sista mmoja ambaye ni muuguzi aliwafundisha siku zilivyo hasa, tena akampa na mchoro mkubwa wa mwili wa mwanamke, kichwa mpaka nyonga, kila kiungo na mahali pake. Akarudi nao, akautundika bandani. Wiki iliyofuata nilipopita kumdai turubai langu nikakuta kalenda yenye picha ya maporomoko ya maji imebandikwa juu ya mchoro. Kilichobaki kuonekana ni kichwa cha yule mwanamke na shingo.

"Mwalimu," nikasema, "mbona umemziba mama wa watu?"

"Mama Nyamizi, michoro mingine ni ya madaktari."

"Na wachumba wako wanaoa kichwa?"

Alinikunjia turubai langu, akanipa, na habari za asubuhi zikakatika kwa muda mrefu. Wanasema alisinzia kwenye ile semina. Mimi siamini. Nadhani alisikia vizuri, akarudi, akaona kwamba akifundisha alivyoonyeshwa itabidi ataje ute, ataje yai, ataje mlango wa kizazi, kwa sauti, mbele ya watu. Akachagua mvua. Mvua haina aibu.

Sasa Nyamizi.

Mtoto wa kwanza alimzaa kwa kisu, baada ya uchungu ulioshindikana. Wa pili kwa kisu tena, na mara hiyo daktari alipofunga tumbo aliniita pembeni, akaniambia, "Mama, kovu la binti yako limekuwa jembamba sana. Akibeba mimba nyingine, linaweza kufumuka. Apumzike. Ikiwezekana asirudie." Niliyasikia vizuri. Kwa hiyo nilimpeleka Nyamizi mwenyewe kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango, nikakaa mlangoni mpaka akatoka.

Sindano ikafanya kazi yake, na kazi yake mojawapo ni kwamba damu ya mwezi ilikatika. Hapo ndipo fujo ilipoanza. Mama mkwe wake akauliza, "Damu inakwenda wapi?" Mumewe akauliza, "Damu inakwenda wapi?" Nyamizi akaanza kujishika tumbo, anadhani linajaa. Wakaenda kwa nani? Kwa bwana mkubwa. Naye akatikisa kichwa, akawaambia, "Shamba lisilonyeshewa linageuka jangwa. Acheni sindano. Fuateni siku."

Utaniuliza kwa nini sikumwambia mkwe wangu. Kwetu mama mkwe haongei na mkwe mambo ya kitandani. Hata kusalimiana tunasimama mbali na mmoja anatazama chini. Ningemwambia nini, na kwa mdomo gani? Nilimwambia Nyamizi, naye akanijibu, "Mama, wewe humpendi Mwalimu tangu zamani." Ilikuwa kweli, na ukweli huo ukaniziba mdomo kuliko uongo wowote.

Wakafuata siku. Wakalala kwa amani katikati ya mwezi.

Mimba ilipoonekana, Mwalimu alisema wamechanganya. Ilipokua, kovu likafumuka, kama nilivyoambiwa. Mchana mweupe, Nyamizi yuko uani anachambua mchele, akapiga yowe moja, akawa wa kijivu kama jivu la jikoni. Tulimbeba kwenye gari langu la kubebea magunia, pumba bado zimo. Mtoto hakupona. Nyamizi alifunguliwa tumbo, na ili damu isimamishwe ilibidi kizazi kitolewe. Niliona uso wa yule daktari alipotoka. Nilikaa sakafuni.

Alipona. Lakini alikaa kitandani akilia kwamba sasa amekuwa mwanamume, atatoka ndevu, atazeeka kabla yangu. Ndipo nesi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, akaketi pale kitandani akatufundisha sisi wawili, na hapo ndipo mimi mzee mzima nilipojua nilivyoumbwa. Nitayaeleza kwa maneno yangu.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya choroko. Hiyo ndiyo msimamizi. Inatuma amri kupitia damu, na amri hizo ndizo wanaziita homoni. Mwanzoni mwa mwezi inaamuru vifuko vya mayai viivishe yai. Yai likiwa linaiva, kifuko nacho kinatoa homoni yake, na hiyo inaenda kwenye kizazi kupiga lipu, ukuta unanenepa, unaandaliwa mgeni. Yai likikomaa, ile tezi inatoa amri kubwa kwa mkupuo, yai linachomoka. Hiyo ni huko katikati, kwenye kile "kiangazi" cha Mwalimu, wakati mwanamke anapoona ute unaovutika kama ute wa yai la kuku. Mgeni asipokuja, homoni zinashuka na lipu inabomoka. Lipu hiyo ndiyo damu.

Umeona? Damu si mvua inayotangulia kupanda. Damu ni lipu inayoanguka kwenye nyumba ambayo mgeni hakufika. Msimu umekwisha, mwingine ndio unajipanga. Yule bwana alishika mkia miaka yote akiuita kichwa.

Na sindano? Sindano inaituliza ile tezi. Amri kubwa haitoki, yai halichomoki, lipu inabaki nyembamba, kwa hiyo hakuna cha kubomoka. "Mama," nesi akaniambia, "hakuna damu iliyojaa popote. Ni kwamba haikutengenezwa." Akamgeukia Nyamizi, akampiga kofi la upole pajani. "Na wewe, vifuko vyako vya mayai tumeviacha. Homoni zako zipo. Ndevu utazisubiri sana." Nyamizi akacheka huku anashika mshono.

Nilikwenda kwa Mwalimu wa Ndoa siku ya mafundisho, wachumba wamejaa. Sikusimama nje.

"Waambie umekosea," nikasema. "Waambie ni kinyume. Sitaki kingine kwako. Waambie tu, kabla mwingine hajafumuka."

Wachumba wakatazama chini. Yeye akafuta kiti, akaniwekea nikae. Sikukaa.

"Mama Nyamizi, pole kwa yaliyokupata. Kweli nimeumia. Lakini binti yako alichanganya siku." Kisha akainua kile kidole. "Itazame nyumba yangu."

Nikaitazama. Ningefanya nini? Nyumba ilikuwepo, na mkewe alikuwa uani anafagia, na mimba hazikuwepo. Nikatoka. Na yeye akaendelea kufundisha, mwaka baada ya mwaka, nami kila nikiona harusi inapita na tarumbeta zake nilimtazama bibi harusi tumboni, nikajiuliza kovu lake litakuwa wapi.

Nilikutana naye tena mwaka huu, kipindi cha baridi. Nilikwenda kituo cha afya kuchukua dawa zangu za presha. Kituo chenyewe ni kidogo, chumba cha sindano ni kimoja, benchi ni moja, wagonjwa wa kila aina wanakaa pamoja. Nikamkuta amekaa pale, suti imemlegea, mkewe pembeni. Asubuhi ile watu wamejifunga mablanketi, yeye amefungua vifungo vya shati, jasho linamtiririka, anajipepea na kofia.

"Mwalimu, una homa?"

"Si homa." Akashusha sauti. "Ni hii sindano ya kibofu. Mwanangu wa Mwanza ndiye anainunua. Nina uvimbe huko chini, uvimbe mbaya, unalishwa na... na nguvu za kiume. Sindano inazizima. Sasa moto unanipanda kifuani kila saa, kisha natetemeka."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukingo wa benchi. "Hayo ni ya kwetu sisi wanawake tukikoma! Karibu. Sindano yako nayo imekwenda kuituliza ile tezi ya kichwani, kama za uzazi wa mpango za wenzako hapa benchini."

Hakupenda. Akajikaza, akakaa wima, na labda kwa ajili ya kurudisha heshima yake akamgeukia binti aliyekaa ng'ambo yake, mwenye mtoto mgongoni. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa mwanafunzi wake, ndoa haina muda.

"Binti, wewe umefuata nini hapa?"

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja... Daktari alisema nisubiri kwanza, kwa sababu ya upasuaji."

Alimtazama kama anavyotazama shikamoo mbichi. "Mimi niliwafundisha nini? Nenda nyumbani, mwanangu. Usilikaushe shamba. Siku zipo."

"Ndiyo, Mwalimu." Na yule binti, nakwambia, akakaza mbeleko yake, akasimama. Nami nikafungua mdomo, lakini nilijua atakachoniambia. Atainua kile kidole.

Sikuwahi kusema. Mkewe ndiye aliyesema. Yule mwanamke wa kutembea nyuma, alinyoosha mkono akamshika binti kitenge.

"Kaa, mwanangu."

"Mke wangu, usiingilie."

"Kaa. Mimi nilikuwa nachoma." Alisema kwa sauti ile ile ya kuomba ungo. "Baada ya yule wa mwisho nilikuja hapa hapa, nikachoma. Nikawa narudi kila tarehe yangu ikifika, mpaka nilipokoma."

Benchi zima liligeuka kumtazama. Mtoto mmoja alikuwa anakohoa, naye kama aliona vibaya akaacha.

"Unasema nini?" Mwalimu akauliza.

"Nasema nilikuwa nachoma sindano, Baba. Mungu hakufunga mlango. Nesi alifunga."

"Uongo. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa naona vitambaa vyako kwenye kamba, kila mwezi."

"Nilikuwa navilowesha maji, naanika."

Mimi nami nilishika mdomo. Kamba ile ya nguo iko kando ya uwanja wangu wa mpunga. Nimeviona vile vitambaa miaka yote, vinadondosha maji safi, sikuwahi kujiuliza mwanamke gani anafua vitu ambavyo havikuchafuka.

"Miaka yote?" akauliza.

"Yote."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mkewe alifikiri kidogo. Nadhani alitaka kujibu kwa haki. "Ungegeuza uso, kisha ukayapeleka kanisani."

Jasho lilikuwa linamtoka bado, lakini sasa sikujua lipi ni la sindano. Alitazama watu wa benchi mmoja mmoja, wengi wao alikuwa amewafundisha ndoa, na mwanamke mmoja wa mwisho kabisa, mwenye watoto wawili wanaolingana karibu kama mapacha, akasema polepole, "Kumbe, Mwalimu." Basi. Hakumtukana. Nilitamani amtukane.

Akafungua mdomo. "Wanangu, mkulima..." akaanza.

"Bila mkulima," nikamwambia.

Akafunga. Akajaribu tena. Nimewaona watu wakitembea pekupeku juu ya miiba, ndivyo maneno yalivyomtoka. "Yai," akasema. "Yai la mwanamke. Linatoka katikati. Si baada ya damu. Sista alituonyesha." Akaacha kujipepea. "Nilifundisha kinyume. Msinifuate."

Ndani mlango ulifunguka, nesi akatoa kichwa akaita, "Anayefuata!" Zamu ilikuwa ya Mwalimu. Hakusimama. Akamwonyesha yule binti kwa kofia, aende yeye kwanza.

Binti akaingia na mtoto wake, mlango ukafungwa. Mkewe akachukua ile kofia mkononi mwake, akaanza kumpepea.

Jioni nilimweleza Nyamizi yote. Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo umemsamehe?" Nikamwambia sista alimwonyesha, hayo kayasema kwa mdomo wake, na bado aliuziba ule mchoro. Nikamwambia amalize kuchambua mchele, wateja wanasubiri.